Zilipendwa zimerudi, wenyewe wako wapi?

Ndugu msikilizaji, nawe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumzie raha. Si raha ya pombe wala ya mpira. Ni raha ya mtu mzima kuketi kivulini, akatoa simu mfukoni, akagusa kioo mara mbili tatu, na mara gitaa la Mbaraka Mwinshehe likaanza kulia utadhani mwenyewe yuko chumba cha pili. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Wengi wa vijana wanaomsikiliza leo, siku ile wazazi wao walikuwa hawajajuana.

Hali hiyo si ya mjini peke yake. Kwetu Vudee nako zilipendwa zimepanda mlima. Kwa asiyeijua, Vudee ni kata ya wilaya ya Same, huko juu katika milima ya Upare wa Kusini. Mto wenye jina hilo hilo unateremka kuelekea Bangalala na tambarare za Makanya, ambazo wewe abiria wa basi la Moshi au Arusha unazipita ukiwa umelala. Siku hizi kijana wa bodaboda anapandisha mlima na sabufa yake ikiimba Zuwena ya Marijani Rajabu. Dukani utawakuta wazee watatu wameegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai wanamtazama Mzee Majuto akimzungusha tajiri, wanacheka mpaka mmoja anakohoa. Bando likiisha, wanachangishana.

Watu wakiona hayo husema, "Mtandao umetuletea." Hapo ndipo mimi ninapowasimamisha. Mtandao haukuimba, haukurekodi wala haukutunza. Kabla ya wimbo huo kufika kwenye simu yako ulipita katika mikono mingi, na katika mikono hiyo wapo waliotoka mikavu kabisa. Tuifuate njia yake basi, maana ni historia ambayo hatufundishwi shuleni.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likavunjwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Wenye mvi wanaijua kwa herufi tatu tu: RTD. Mpaka redio za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, kwa mtu wa bara RTD ndiyo ilikuwa redio, na redio ndiyo RTD.

Jambo ambalo vijana hawalijui ni kwamba redio hiyo ndiyo pia iliyokuwa studio ya nchi. Bendi ilipangiwa siku, ikabeba vyombo vyake mpaka Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, vipaza sauti vichache vikapangwa, na wimbo ukapigwa kwa mkupuo mmoja. Mpiga tumba akiteleza, wote mnarudia tangu mwanzo. Hakukuwa na kompyuta ya kumrekebisha mwimbaji aliyepotoka. Msikilize Marijani, sikiliza NUTA Jazz au Mlimani Park, utasikia watu wanaovuta pumzi pamoja. Mimi nimefanya kazi ya redio kwa zaidi ya miaka 20, na bado sijakutana na mtambo unaotoa kitu kile.

Santuri nazo? Santuri tulikuwa nazo kwa msaada wa wenzetu. Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye santuri. Miaka arobaini na zaidi baadaye Tanzania ilikuwa bado haina kiwanda kinachofanya kazi cha kufyatua santuri, na nyimbo zetu zilikuwa zikichapwa Nairobi. Kisha Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Watu wa Same walilijua jambo hilo vizuri kuliko wa Dar es Salaam, kwa sababu Kenya iko hapo ng'ambo ya Mkomazi. Wafanyabiashara walikwama. Fedha za kigeni zikawa adimu kama sukari. Kwa hiyo nyimbo nyingi za miaka ile, ambazo wengi tunaziita bora kupita zote, hazikutoka kwenye santuri kabisa. Zilibaki kwenye utepe mmoja tu, juu ya rafu moja, katika jengo moja la Barabara ya Pugu.

Halafu ulizwe: utepe ule ulikuwa wa nani?

Hapa pana kisa. Bendi nyingi hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ilibadili: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka leo wanaiita Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Bima Lee ya shirika la bima. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, mwaka 1983. Polisi walikuwa na yao, Magereza na yao, JKT na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Gitaa lilikuwa la shirika, viatu vya jukwaani vya shirika. Siku akihama, na walikuwa wakihamahama kweli kweli, aliondoka na kidole chake na koo lake.

Sasa mtu kama huyo akitunga wimbo akiwa kwa mwajiri, ukarekodiwa na redio ya serikali kwa utepe wa serikali, wimbo ni wa nani? Wakati ule swali hilo halikuumiza kichwa cha mtu. Redio ilipiga wimbo, watu wakaupenda, Jumamosi wakajaa ukumbini, bendi ikapata kiingilio. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe, na redio ilihesabiwa kuwa ni tangazo la dansi. Siulaumu mpango ule moja kwa moja. Bila mashirika yale na bila redio ile, nusu ya muziki tunaoulilia usingekuwapo. Lakini mpango ule ulikuwa na shimo, na walioangukia humo ni watunzi.

Mzee Muhiddin Gurumo aliimba tangu mwanzo wa NUTA Jazz, akapita Mlimani Park, akarudi Msondo. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu alisema kwamba katika miaka yote hiyo, zaidi ya 50, hajawahi kumiliki gari. Msanii kijana, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini fikiri kidogo: nyimbo zake zilipigwa redioni tangu asubuhi hadi usiku kwa nusu karne, na gari lilimfikia kwa huruma ya mtoto mdogo kwake kiasi cha mjukuu. Gurumo alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Turudi Vudee. Huko kwetu redio ilikuwa mali ya kuheshimiwa. Betri zikichoka ziliwekwa juani juu ya jiwe, na siku ya ukungu, ambazo Upareni ni nyingi, zilisogezwa karibu na figa ili zipate joto kidogo, kwa tahadhari. Redio yenyewe haikushika popote tu. Ulitafuta pembe ya nyumba, ukaigeuza, ukaiegemeza kwenye dirisha linalotazama bondeni. Usiku Sauti ya Kenya iliingia kwa nguvu kuliko Dar es Salaam, na hivyo hata mpaka ulipokuwa umefungwa kwa magari na santuri, haukufungwa kwa sauti. Wapare walimjua Leonard Mambo Mbotela na Je, Huu ni Ungwana? sawasawa na Wakenya wenyewe. Ndugu wa Kinyonga, vijana wa Tanga waliopitia Arusha na kuingia Nairobi mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika, walirudi kwetu kwa njia hiyo hiyo ya hewani.

Na vichekesho? Vichekesho navyo vina umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, na moja iliitwa Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba anayeingia mjini. Nyota wake alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Kawawa. Naam, Simba wa Vita mwenyewe, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, yakatundika kitambaa cheupe, na huko ndiko wengi walikomwona pia Charlie Chaplin. Hata leo mtu mcheshi tunamwita chale, na inaaminika kwamba jina hilo tulilichukua kwake.

Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu mwaka 1973, ila bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Miaka yote hiyo kichekesho kilikuwa cha masikio. RTD walikuwa na Pwagu na Pwaguzi, jina lililotoka kwenye ile methali ya mwizi aliyekutana na mwizi zaidi yake. Hakukuwa na uso wa kuchezesha wala suruali ya kuvua. Kulikuwa na sauti tu, mlango unaobishwa, na msikilizaji anayejua kabla ya Pwagu mwenyewe kwamba leo Pwagu analizwa. Mimi nashikilia kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko ya kwenye picha, na hili nalisema nikijua kuna watakaonipigia simu. Sisi Wapare tumekuwa chakula cha wachekeshaji miaka nenda rudi, kwamba eti Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Katika redio ya zamani utani huo ulikuwa na adabu. Mchekeshaji aliiga lafudhi yako, na wewe mwenyewe ukamcheka jirani yako.

Hapo ndipo kaseti ilipoingia. Redio kaseti ilimpa mtu wa kawaida uwezo ambao hakuwahi kuwa nao: kukamata sauti ipitayo. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani wa ushirika, alinunua ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za kahawa. Leo ana kaseti 41 ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha kitambaa cha kunyonya unyevu. Alirekodi kutoka hewani: bendi, taarabu, kwaya, na kaseti mbili nzima za Pwagu na Pwaguzi.

Lakini hazina yake si kaseti peke yake. Ni majalada. Watangazaji wa zamani walikuwa na desturi nzuri: kabla ya wimbo walitaja bendi, mtunzi, mara nyingine na mwimbaji. Baba mdogo alikuwa akiandika. Kwa mwandiko wa kikarani, mdogo na ulionyooka, kila jalada lina jina la wimbo, bendi, mtunzi, siku na tarehe ya kutangazwa, na mwishoni neno moja la kukagua: "safi", "mvua", au "betri ndogo". Vile vibonye viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti alivivunja vyote, ili asitokee mtoto wa kurekodia juu yake.

Linganisha na mtandaoni. Nimekuta kibao cha Cuban Marimba kimebandikwa picha ya Mbaraka Mwinshehe, kwa kuwa wote ni wa Morogoro, basi imetosha. Nimekuta Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, ameandikiwa mwaka 1978. Nimekuta nyimbo hamsini mfululizo chini ya kichwa "Zilipendwa Mix", bila jina la binadamu hata mmoja isipokuwa la aliyeziweka.

Msidhani ninawadharau walioziweka. Kama si wao tungekuwa wapi? Utepe una ugonjwa wake. Unyevu unaotesha ukungu, joto linanatisha, na mashine za kuuchezea zinakufa bila vipuri. Tena redio, popote duniani, zilikuwa na tabia ya kufuta. Utepe ulikuwa ghali. Kipindi kikishatangazwa, utepe ulirudiwa kwa kipindi kingine. BBC yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilifuta vichekesho vyake vingi vya miaka ya 1950 na 1960, na mwaka 2001 ikabidi iwatangazie wananchi wa Uingereza wapekue madari yao. Vipindi kadhaa walivyodhani vimekufa vilipatikana kwa watu waliovirekodi nyumbani, kama alivyofanya baba mdogo. Kwetu hapa hazina ya RTD ilirithiwa na TBC, maelfu ya tepe, na mwaka 2012 vijana wa Tanzania Heritage Project walipiga kelele mpaka nje ya nchi ili zihamishwe kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Kabla yao, mwaka 1987, mzungu mmoja mpenzi wa muziki, John Storm Roberts, alitoa nje ya nchi mkusanyo alioupa jina The Tanzania Sound. Wengine waliona ajabu kwamba muziki wetu unauzwa kwa wageni. Mimi naona ajabu nyingine: kwamba aliyeandika majina na maelezo nyuma ya jalada alikuwa mgeni, na karani wa Vudee.

Sasa tuje kwenye fedha, maana mazungumzo ya raha bila ya fedha ni nusu. YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Utaratibu wake ni kwamba matangazo ya biashara yakiwekwa kwenye picha au wimbo, mapato hugawanywa kati ya mtandao na mwenye chaneli. Zingatia: mwenye chaneli. Marijani Rajabu alifariki Machi 1995, miaka kumi kabla ya mtandao huo kuzaliwa. Hana chaneli. Hemedi Maneti wa Vijana Jazz alitangulia mwaka 1990. Hana chaneli. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA ilianza kazi mwaka 2001 ili watunzi wapate chao. Na sheria inamtambua mrithi wa mtunzi hata baada ya mtunzi kufa. Lakini mrithi atadai kwa karatasi gani? Karatasi inayosema marehemu alitunga wimbo gani, mwaka gani, akiwa bendi gani, nani anayo? Angalia wimbo Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kutambuliwa kuwa mwenyewe, huku kwetu jina la Adam Salim likitajwa kila mara kuwa ndiye mtunzi hasa. Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba, dunia ikaucheza, na ubishi haujaisha hadi leo na wote wawili hawapo.

Wachekeshaji nao hawakupona. Mzee Majuto, Amri Athumani wa Tanga, alicheza filamu nyingi ajabu, na hadi leo ndiye anayechekesha simu za nusu ya nchi. Alipougua mwaka 2018 ndipo umma ulipojua jinsi mikataba yake ilivyokuwa, na mwaka huo huo serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alifariki Agosti 8, 2018. Wiki hiyo vipande vyake vilitazamwa sana. Aliyeviweka alivuna msibani.

Mwishoni mwa mwaka jana suala hili liliingia ndani ya familia yetu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 mwenye simu nzuri na akili nzuri, aliazima kaseti nne kwa babu yake, akazihamishia kwenye simu kwa waya, akafungua chaneli. Moja ilikuwa ya Pwagu na Pwaguzi. Akaja mbio.

"Babu, watu elfu tatu wamesikiliza!"

"Elfu tatu," baba mdogo akasema. "Na Pwagu amepata nini?"

"Babu, Pwagu si alishakufa?"

"Ana watoto. Mimi nilirekodi ili nisikilize nyumbani kwangu. Sikurekodi ili niuze. Mali ya watu hiyo, mwanangu."

Mpwa hakukubali. Akasema kaseti zingeoza, na ni kweli. Akasema mtandaoni zimejaa nyingine za watu wengine, na ni kweli. Akasema kaseti kanunua babu, betri kanunua babu, kazi ya kuhamisha kafanya yeye. Basi tukajikuta tumeketi kikao cha kweli kweli, siku mbili, na wajumbe kutoka ukoo mzima. Mtu wa nje angesema hao ni Wapare na kesi zao. Aseme. Watu hawa hawa, katika miaka ya 1940, waliacha mashamba yao kwa maelfu wakaenda kukaa Same mbele ya ofisi ya mkoloni kuhusu kodi ya mbiru, wakiuliza swali moja: mmetukadiria kwa kipimo gani? Profesa Isaria Kimambo ameandika kitabu juu ya jambo hilo. Kuuliza kipimo si ugomvi.

Shangazi mmoja, ambaye hana simu ya kugusa wala haitaki, ndiye aliyetuelekeza. Alizungumzia ndiva. Msomaji wa mjini, ndiva ni bwawa dogo tulilochimba sisi wa milimani tangu enzi za mababu. Maji ya mfereji hujazwa humo usiku, asubuhi hufunguliwa na watu hunywesha mashamba kwa zamu. Kabla ya msimu wote huitwa kuchimbua tope. Asiyefika hutozwa faini au hupitwa na zamu. Shangazi akasema, "Huyu kijana amezibua mfereji, amefanya vizuri. Babu yake ametoa tope miaka yote, naye kafanya vizuri. Lakini waliochimba ndiva hawapo hapa, na maji yanakwenda kwenye shamba la nani?"

Tuliafikiana hivi. Kaseti zote 41 zitahamishwa, kuanzia za Pwagu na Pwaguzi kwa sababu ndizo adimu. Kila wimbo utawekwa pamoja na picha ya jalada lake, mwandiko wa baba mdogo uonekane, jina la mtunzi, bendi na tarehe. Chaneli haitaombewa matangazo ya biashara. Akijitokeza mrithi wa mtunzi yeyote akasema ondoeni, tutaondoa. Akisema nataka nakala, atapewa bure, na picha ya jalada kama ushahidi wake aende nao COSOTA. Nakala ya vichekesho itapelekwa Dar es Salaam kwa warithi wa kanda za RTD, na barua nimekwisha kuiandika mimi. Mpwa alinuna siku tatu. Siku ya nne alikuja na daftari, akaanza kunakili majalada.

Nilimsaidia kidogo. Jalada la kaseti namba 17 linaonyesha kibao cha Western Jazz ambacho mtandaoni nimekiona kwa jina la bendi nyingine kabisa, na watu mia mbili wameacha maoni ya kusifu bendi hiyo nyingine. Namba 23 upande wa pili, mtangazaji anamkatiza mwimbaji katikati kwa ajili ya taarifa ya habari, na baba mdogo ameandika pembeni, kwa hasira inayoonekana: "wamekata".

Kama na wewe, ndugu msikilizaji, unazo kaseti za namna hiyo Kigoma, Songea, Tanga au hapo hapo Temeke, usizikaushe motoni na usizitie moja kwa moja kwenye mashine ya zamani yenye mpira uliolegea. Zizungushe kwanza kwa kalamu taratibu mpaka mwisho, uone kama utepe umenata. Vunja vile vibonye. Na kama kuna chochote cha Pwagu na Pwaguzi, hata robo ya kipindi, hata kama mvua inasikika kuliko wachezaji, niandikie kupitia kituo hiki. Taja tarehe kama unaijua, na uandike majina yote unayoyakumbuka.